Kabla Hujanunua Kasha Lenye Taa: Kompyuta ya Picha na Historia Yake

Tuseme una studio ndogo Kirumba, sehemu ambayo siku ya mechi unasikia kelele za uwanja wa CCM Kirumba ukiwa umekaa ndani. Kazi zako ni zile zile za wapiga picha wengi wa Mwanza: pasipoti saizi asubuhi, mahafali na kipaimara kwa msimu wake, halafu Jumamosi harusi. Laptopu uliyonayo imechoka. Ukifungua picha za harusi inaganda, unaenda kunywa chai, unarudi bado inazunguka. Umedunduliza hela, na sasa umeamua: unaunganisha kompyuta ya mezani, kifaa kimoja kimoja.

Unaingia dukani. Kijana anakuonyesha kasha lenye kioo ubavuni, feni zinawaka nyekundu, kijani, bluu. "Hii ndiyo ya kuediti, bosi."

Ngoja kwanza. Kabla hujatoa hela, twende nyuma kidogo, kwa sababu nchi hii iliwahi kununua kompyuta kabla ya kujiandaa, na bei yake tuliilipa kwa miaka mingi.

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine iliyoletwa na kampuni ya Uingereza iitwayo ICT. Baadaye hesabu za serikali zikaanza kuhamishiwa kwenye kompyuta, na mambo hayakwenda vizuri. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache, utaalamu wa nje ulikuwa ghali, na fedha za kigeni zilikuwa zinahesabiwa senti kwa senti. Mwaka 1974 serikali ikatoa amri ya kupiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Aliyetaka kompyuta ilibidi aombe kibali maalumu. Kamba ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na soko likafunguka hasa miaka ya 1990.

Ni rahisi leo kucheka amri ile. Lakini tazama kilichotangulia: mashine ilikuja kabla watu wa kuiendesha hawajatosha, na kabla kazi yenyewe haijapangwa ikaeleweka. Kosa la namna hiyo halihitaji wizara. Linaweza kutokea kwenye kaunta ya duka, kwa hela yako mwenyewe.

Upande wa pili wa hasara ni kwamba mlango ulifungwa wakati mbaya. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya amri, mhandisi wa Kodak huko Marekani, Steven Sasson, alikamilisha kamera ya kwanza ya dijitali ya kushikwa mkononi. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu hivi, picha yake ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Halafu Agosti 1981 IBM wakatoa kompyuta yao ya binafsi, na hiyo ndiyo babu wa mashine unayotaka kuunganisha.

Kwa nini babu? Kwa sababu IBM walikuwa na haraka. Badala ya kutengeneza kila kitu wenyewe, walinunua vifaa vilivyokuwa tayari sokoni na wakachapisha maelezo ya kiufundi ya mashine yao. Mwaka uliofuata Compaq wakatangaza mashine inayoendana nayo, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 1995 Intel wakatoa vipimo vya ATX: bodi kuu iwe na umbo gani, matundu ya skrubu yakae wapi, pawa saplai iunganishwe vipi. Ndiyo maana leo unaweza kuchukua bodi ya kampuni moja, kasha la nyingine na pawa saplai ya tatu, vikaingiana.

Hapo kuna tahadhari kwa sisi tunaopenda mtumba. Kompyuta nyingi za ofisini zinazokuja zikiwa zimetumika hazifuati ATX kikamilifu. Bodi ina umbo lake, pawa saplai ina plagi yake. Ni mashine nzuri kwa bei, lakini siku pawa ikiungua utazunguka mji mzima kutafuta inayofanana. Ukiamua kuchukua mtumba, fungua kasha hapo hapo dukani uangalie.

Sasa tuingie kwenye vifaa vyenyewe, tukianza na picha, maana kazi ndiyo inayoamua.

Mwaka 1957 Russell Kirsch, mtafiti wa taasisi ya vipimo ya Marekani, aliingiza picha ya mwanawe mchanga kwenye kompyuta. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, yaani 30,976, kila moja ama nyeusi ama nyeupe. Kamera ya kawaida ya leo inatoa picha ya pikseli milioni 24. Kila pikseli ina rangi tatu, na ukihariri kwa kina cha biti 16, kila rangi inachukua baiti mbili. Zidisha: milioni 24 mara tatu mara mbili ni baiti milioni 144. Hiyo ni picha moja, tabaka moja. Ukiweka tabaka kumi, la ngozi, la shela, la mandhari ya nyuma na kadhalika, umefika karibu gigabaiti moja na nusu. Bado hujahesabu Windows, kumbukumbu za kurudi hatua nyuma, na muziki uliofungua pembeni.

Hizo baiti zote zinatakiwa zikae kwenye RAM. Zikijaa, kompyuta haisimami. Inafanya ujanja uliotumika kwenye kompyuta ya Atlas kule Manchester mwaka 1962: inahamisha sehemu ya kumbukumbu kwenda kwenye hifadhi iliyo taratibu zaidi, na kuirudisha ikihitajika. Ujanja huo uliokoa kazi nyingi, lakini una gharama ya muda. Ule mduara unaozunguka kwenye laptopu yako mara nyingi ndio huo: prosesa haijashindwa, inasubiri vitu virudi kutoka kwenye diski. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye RAM. Gigabaiti 16 ndiyo pa kuanzia, 32 ndipo utapumua. Nunua vijiti viwili vinavyolingana badala ya kimoja, ili bodi isome vyote kwa pamoja, na hakikisha zimebaki nafasi za kuongeza.

Pa pili ni diski. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa, ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, uzito wa karibu tani moja, na ilihifadhi herufi milioni tano. Faili ghafi moja tu ya kamera yako, ya megabaiti 25 au zaidi, isingeenea humo. Diski za leo za aina hiyo zimekuwa ndogo na pana, lakini kanuni ni ile ile: sahani inazunguka, kichwa kinatafuta mahali. Hata ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja ni zaidi ya milisekunde nane, na kwa kompyuta huo ni muda mrefu sana. SSD haina kinachozunguka. Basi gawanya kazi: SSD ya gigabaiti 500 au zaidi kwa ajili ya mfumo, programu na harusi unazozishughulikia wiki hii; diski ya kuzunguka, ambayo ni nafuu kwa ukubwa, kwa ajili ya kumbukumbu za zamani.

Na tafadhali, hapa usibane hela: nakala ya pili, kwenye diski ya nje, ikae nyumbani na siyo studio. Enzi za filamu, negativu zilikaa kwenye bahasha. Hata picha ikipotea, unasafisha nyingine. Faili ikifutika haina negativu, na bibi harusi hawezi kurudia harusi kwa ajili yako.

Pa tatu ni monita. Hapa ndipo wengi tunapigwa, kwa sababu monita mbaya haigandi. Inakudanganya tu kimya kimya.

Historia yake inatugusa sisi moja kwa moja. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wanatuma kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya mwanamke mzungu, ikaitwa "Shirley". Fundi alirekebisha rangi mpaka ngozi ya Shirley ipendeze. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo, na matokeo yake watu wa ngozi zetu walitoka wakiwa kiza, meno na macho tu ndiyo yanaonekana. Kadi zenye watu wa rangi tofauti zilikuja baadaye sana. Leo kipimo kimo mikononi mwako, lakini ukihariri kwenye monita inayomeza vivuli, umejitengenezea Shirley yako mwenyewe. Utang'arisha uso wa bibi harusi kwa sababu kwako unaonekana mweusi mno, kisha ukichapisha anatoka kama amepakwa unga.

Tafuta monita yenye paneli ya IPS. Monita nyingi za bei ya chini, hasa za zamani, ni za TN: ukisogeza kichwa kidogo, vivuli vinabadilika. Nyingi ya hizo pia zina biti sita kwa kila rangi, yaani viwango 64, na hujaribu kuigiza vilivyobaki. Monita ya biti nane ina viwango 256 kwa kila rangi, jumla zaidi ya rangi milioni 16. Kisha soma kwenye boksi kama inafikia asilimia 100, au karibu na hapo, ya sRGB. Hicho ni kipimo cha rangi kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na ndicho simu nyingi za wateja wako zinakielewa. Ukikiheshimu, unachokiona wewe kitakaribiana na wanachokiona wao WhatsApp.

Prosesa inakuja baada ya hapo. Kwa miongo kadhaa kasi ya prosesa ilipanda karibu kila mwaka, mpaka katikati ya miaka ya 2000 joto likakataa. Watengenezaji wakageukia kuongeza viini badala ya kasi. Programu za picha hazitumii viini vyote kila wakati. Kupiga brashi hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja, wakati kutoa picha 600 kwa mkupuo hufurahia vingi. Prosesa ya kizazi cha karibuni yenye viini sita inatosha kabisa kwa studio.

Na kadi ya grafiki, ile yenye bei ya kutisha? Iliendelezwa sana kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Inasaidia picha pia, hasa kwenye zana mpya za akili mnemba za kuondoa chenga, lakini kwa kazi za kawaida unaweza kuanza na grafiki iliyomo ndani ya prosesa, ukaongeza kadi mwakani. Hakikisha tu prosesa unayonunua inayo, maana nyingine hazina.

Mwisho ni umeme. Nunua pawa saplai yenye alama ya 80 Plus kutoka kampuni inayojulikana, na UPS. UPS haikupi saa za kufanya kazi gizani. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa heshima, na inapunguza kishindo umeme unaporudi. Kasha liwe na kichujio cha vumbi unachoweza kukitoa na kukisafisha. Taa za rangi hazichuji kitu.

Sasa rudi dukani, lakini usiende mikono mitupu. Weka kwenye flashi picha kumi ghafi za harusi yako mwenyewe, ikiwemo ile ya ukumbini yenye mwanga hafifu. Mwombe muuzaji azifungue kwenye mashine anayokupendekezea. Kuza uso wa bibi harusi, sogea kushoto, sogea kulia, uone kama rangi inahama. Toa picha zote kumi huku unatazama saa. Akisema haiwezekani, muage vizuri, nenda duka la pili.