Kompyuta za Mkononi na Mifumo Endeshi Iliyozipita: Hatima ya Data za Afya Afrika Mashariki, Ikitazamwa kutoka Bugarama

Historia ya TEHAMA katika eneo letu huandikwa mara nyingi kama msafara wa vifaa: kompyuta ya mkononi, kisha simu, kisha kishikwambi. Makala haya yanashika njia nyingine. Yanadai kwamba katika muongo wa kwanza wa karne hii, uhai wa data za afya haukuamuliwa na kifaa bali na kiungo kati ya kifaa na kompyuta ya mezani, na kwamba kiungo hicho kilikuwa mali ya kampuni.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Kompyuta za mkononi za Palm, zilizoingia sokoni mwaka 1996, ziliwekwa juu ya kikalio kilichounganishwa na kompyuta; kitufe kikabonyezwa, na programu ya HotSync ikalinganisha kumbukumbu za pande mbili. Katika matoleo mengi ya awali kumbukumbu ilitegemea betri: betri ikiisha kabisa, data nazo zimekwenda. Kwa hiyo usawazishaji haukuwa urahisi wa ziada. Ndio uliokuwa uhifadhi. Kusini mwa Tanzania, mwaka 2004, utafiti mmoja wa afya ulihoji zaidi ya kaya 20,000 kwa kompyuta za mkononi. Jibu la kila kaya lilikuwa salama pale tu lilipokwisha kutoka kwenye kifaa.

Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, na hasa kompyuta za biti 64 zilipoenea, daraja hilo lilikatika. Palm haikutoa kiendeshi cha USB cha biti 64. Wenye vifaa walibaki na njia za kando: Bluetooth kwa waliokuwa nayo, mwale wa infraredi, au kuitunza kompyuta kuukuu ya Windows XP kwa kazi hiyo moja. Mwaka 2010 HP iliinunua Palm. Mwaka uliofuata ikatangaza kuacha kutengeneza vifaa vilivyorithi kazi hiyo. Aprili 2014 Microsoft ikasitisha msaada kwa Windows XP. Kikalio kilikuwa kizima, kalamu ilikuwapo, kilichokosekana ni mahali pa kuchomeka.

Uganda inatoa mfano wenye mafunzo zaidi. Mtandao wa Taarifa za Afya wa Uganda, ulioanza mwaka 2003 katika wilaya za Rakai na Mbale kwa ushirikiano wa SATELLIFE, Uganda Chartered HealthNet na Chuo Kikuu cha Makerere, uliiondoa kompyuta ya mezani katikati ya njia. Mhudumu alielekeza kifaa chake kwenye kisanduku kidogo cha kupokelea, data zikapita kwa infraredi, na kisanduku kikazituma Kampala kwa mtandao wa simu. Kusudi lilikuwa kuvifikia vituo visivyo na umeme wa uhakika wala kompyuta. Hata hivyo matokeo yake ya pili, ambayo hayajapewa uzito unaostahili, ni kwamba mabadiliko ya Windows hayakuigusa hatua hiyo ya safari.

Nchini Rwanda njia iliyoshika kasi ilikuwa ya simu na tovuti: TRACnet tangu 2005, kisha RapidSMS, iliyoanzia Musanze na kuenea nchi nzima. Katika bonde la Bugarama, sehemu ya chini kabisa ya nchi, penye mashamba ya mpunga, malaria, na mipaka ya Burundi na Kongo iliyo karibu mno, thamani ya takwimu iko katika kulinganisha miaka. Sensa ya 2022 ilitumia vishikwambi. Swali la kuandikwa katika mikataba ya ununuzi si kifaa kitadumu miaka mingapi, bali data zake zitasomwaje bila programu ya muuzaji.

Lipo pia jukumu la haraka zaidi kwa wahifadhi wa nyaraka. Vifaa vingi vilivyolala makabatini havina tena cha kutoa. Nakala zilizobaki kwenye diski za kompyuta za zamani, mafaili yenye mkia wa.pdb, bado zinazo. Ganda la mafaili hayo linajulikana na programu huria ya pilot-link hulifungua kwenye Linux. Mpangilio wa majibu ndani yake, lakini, ulitegemea dodoso la kila mradi. Walioyatunga madodoso hayo, wakipatikana, wanaweza kuulizwa.