Mzigo wa Dago

Zamani, kabla ya pikipiki kuvusha watu na mabegi yao mipakani, Wapemba walikwisha kuijua safari ya mzigo mwepesi. Msimu wa kaskazi, bahari ikitulia, walikwenda dago: uvuvi wa miezi kadhaa ugenini, hadi pwani ya Kilifi na Malindi, Kenya.

Chomboni nafasi ilikuwa ya zana kwanza: nyavu, mishipi, ndoana. Sufuria ilikuwa ya wote. Kitoweo nani akibebe, na bahari ipo? Mengine yalitegemea wenyeji: mahali pa kupiga kambi, maji matamu, tajiri wa kununua samaki, na mama karanga wa kuwakaanga na kuwauza mitaani.

Baadaye ukarimu huo wa wenyeji ulipata masharti.

Huko Kuruwitu, Kilifi, samaki walipopungua, wakazi waliunda chama chao mwaka 2003, kisha wakatenga takriban hekta 30 za bahari zisivuliwe. Kanuni za mwaka 2007 ziliimarisha vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, hivyo mvuvi mgeni hana budi kupitia kwao. Mzigoni mwake hukaguliwa zana zaidi ya nguo: juya, wavu wa kukokota, kwa mfano, lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001.