Marekani: Kwa nini gari la 1975 halipimwi moshi na la 1976 linapimwa

Chukua magari mawili ya zamani yameegeshwa ubavu kwa ubavu mjini Los Angeles. Yote ni ya petroli, yote yanatumia kabureta, na mwenyewe huyatoa Jumapili tu. Moja ni toleo la 1975, jingine la 1976. La kwanza limesamehewa kupimwa moshi. La pili lazima lipelekwe kituoni kila baada ya miaka miwili, na likishindwa, mwenyewe hawezi kuhuisha usajili wake mpaka alitengeneze.

Marekani haina sheria moja ya ukaguzi wa magari kwa nchi nzima. Kila jimbo hujiamulia, na ndiyo maana ndugu yako aliyeko Texas anaweza kukueleza habari tofauti kabisa na aliyeko California.

Tuanze na California, kwa kuwa ndiyo kali zaidi kwa moshi. Los Angeles imezungukwa na milima na jua ni kali, kwa hiyo moshi wa magari hukwama juu ya mji na kuwa ukungu mchafu unaochoma macho na kifua. Jimbo lilianza upimaji wake wa sasa mwaka 1984. Sheria iliyopitishwa 1997 iliweka utaratibu kwamba gari likitimiza miaka 30 lisamehewe, hivyo kila mwaka toleo moja zaidi lingeingia kwenye msamaha. Mwaka 2004 bunge la jimbo likaugandisha msamaha huo kwenye toleo la 1975. Mwenye gari la 1976 aliukosa kwa muda mfupi tu, na tangu hapo mstari haujasogea.

Sababu ya mstari kubaki pale ni moshi wenyewe. Injini ya zamani haina kompyuta ya kupima mafuta, na ikichakaa kidogo hutoa uchafu mwingi kuliko gari jipya. Magari mengi ya Marekani yalianza kufungwa kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi kuanzia toleo la 1975. Kifaa hicho kikifa au kikiondolewa, mwenye gari kuukuu huhangaika kupata kingine kinachokubaliwa na jimbo.

Ipo nafuu moja. Gari lililofikisha miaka 35, lenye bima maalumu ya magari ya kumbukumbu, linaweza kupelekwa kwa mwamuzi wa jimbo. Huko hupimwa moshi unaotoka, kifuniko cha tangi na kama petroli inavuja, bila kudaiwa kila kipuri cha awali. Sisi tunaona huo ni utaratibu wa haki, maana jirani anavuta kinachotoka kwenye bomba, si kilichoko chini ya boneti.

Mwaka 2025 seneta Shannon Grove alipeleka muswada wa kuyasamehe kabisa magari ya kumbukumbu yenye miaka 35 au zaidi. Mchekeshaji Jay Leno, mwenye gereji iliyojaa magari ya kale, alikwenda Sacramento kuutetea. Hoja yao ilikuwa kwamba magari haya hayatembei sana, na vituo vinavyojua kuyapima vinazidi kuwa adimu. Makundi ya kutetea hewa safi yaliupinga. Mwezi Agosti ukakwama kwenye kamati ya fedha.

Kwingineko hali ni nyingine. Texas iliondoa ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara kuanzia Januari 1, 2025. Upimaji wa moshi umebaki katika kaunti chache, nao hauhusu gari lililozidi miaka 24. Pennsylvania humpa mwenye gari la miaka 25 namba maalumu zinazomwondolea ukaguzi wa kila mwaka, lakini kwa sharti: gari liende kwenye maonyesho, maandamano na safari za hapa na pale, si kazini kila siku.

Kuingiza gari kutoka nje, hilo ni la serikali kuu. Gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya Marekani, kama yale ya Japani yenye usukani wa kulia tunayoyajua sana huku kwetu, huruhusiwa kirahisi likishatimiza miaka 25. Kenya ni kinyume chake: gari la mtumba likizidi miaka minane haliingii. Lile linalokataliwa Mombasa kwa uzee hukataliwa Marekani kwa utoto.

Kama una ndugu anayetaka kununua gari la zamani California, mwambie aangalie kwanza mwaka wa toleo. Likiwa la petroli la 1976 au baada yake, kwa kawaida ni jukumu la muuzaji kutoa cheti cha moshi kisichozidi siku 90. Asilipe fedha zote kabla ya kukiona.