Asili ya Wakamba: Ushahidi wa masimulizi, lugha na DNA

MKAZI wa Matinyani, eneo la Kitui Magharibi, akiulizwa asili yake, kwa kawaida hutaja kwanza mbai, yaani ukoo wake. Kisha hutaja milima ya Mbooni, ng'ambo ya Mto Athi, walikotoka mababu zake.

Katika miongo miwili iliyopita, wanasayansi wameleta shahidi mwingine katika suala hilo. Huyu ni DNA, maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli za mwili, ambayo kila mtu huyapokea nusu kwa baba na nusu kwa mama.

Ushahidi wa wazee na ule wa maabara unaafikiana katika mengi. Hata hivyo, hakuna hata mmoja unaounga mkono dhana iliyoenea katika siasa za nchi hii, kwamba kabila ni damu moja isiyochanganyika. Hilo si jambo la wasomi pekee, kwa sababu linagusa matibabu ya mgonjwa hospitalini na haki ya raia mbele ya serikali.

Masimulizi ya jadi

Kwa mujibu wa hekaya ya kale, Muumba aliwashusha wanadamu wa kwanza juu ya mwamba wa Nzaui, ulioko katika Kaunti ya Makueni. Alama zilizo kwenye mwamba huo husemekana kuwa nyayo zao.

Masimulizi mengine huanzia upande wa Mlima Kilimanjaro. Husema kuwa mababu walisafiri kuelekea kaskazini hadi Mbooni, penye mvua na rutuba. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba makao ya Mbooni yalianza katika karne ya 17, na kwamba katika karne iliyofuata baadhi ya watu walivuka Athi na kuingia Kitui.

Kitui ilikuwa kame zaidi, na ukame huo uliwafanya wakazi wake kuwa wawindaji, wafugaji na wafanyabiashara wa masafa marefu. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka wa 1849, alipokewa na Kivui Mwenda, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake ilikwenda hadi pwani.

Biashara na njaa viliwatawanya watu. Wakamba walihamia Rabai na sehemu nyingine za pwani, na njaa kuu ya mwisho wa karne ya 19, inayokumbukwa Ukambani kwa jina la Ngomanisye, iliwalazimu wengi kukimbilia kwa majirani. Watu waliohama hivyo walioa na kuolewa ugenini, na wageni nao walioa na kuolewa Ukambani.

Ushahidi wa lugha

Kikamba ni lugha ya Kibantu, na ndugu zake wa karibu ni Kikuyu, Kiembu na Kimeru. Mkamba husema 'mundu' na Mswahili 'mtu', naye Mzulu wa Afrika Kusini husema 'umuntu'. Mfanano huo hauwezi kuwa wa bahati nasibu.

Wanaisimu wamefuatilia chimbuko la lugha hizo hadi mpakani mwa Nigeria na Cameroon, zilikoanza kuenea kati ya miaka 4,000 na 5,000 iliyopita. Vyungu vya kale vilivyochimbuliwa Kwale vinaonyesha kuwa wakulima wenye ujuzi wa kufua chuma walikuwa wamefika karibu na pwani ya Kenya katika karne za mwanzo baada ya Kristo.

Hata hivyo, lugha inaweza kusafiri bila watu, kwani jamii inaweza kuacha lugha yake na kuchukua ya jirani. Ili kujua kama ni watu waliosafiri au ni maneno tu, ilibidi DNA ichunguzwe.

Jinsi DNA inavyosomwa

Kila kizazi huingiza mabadiliko machache katika maandishi ya urithi. Watu wawili wanaoshiriki mabadiliko mengi yaleyale wana mababu wa karibu.

Zipo sehemu mbili zenye manufaa ya pekee. Kromosomu ya Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na DNA ya mitokondria hutoka kwa mama kwenda kwa watoto wote. Mbai ya Mkamba nayo hufuata upande wa baba, na mila ilikataza kuoa ndani ya mbai. Kwa hivyo, kila ndoa ilileta nyumbani mitokondria ya ukoo mwingine. Hata kabla ya kuwafikiria majirani wa mbali, familia ya Kikamba ni mchanganyiko kwa mujibu wa mila yenyewe.

Nasaba tatu za Afrika Mashariki

Mnamo 2009, kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha uchunguzi wa jamii 121 za Kiafrika na kutambua makundi 14 ya asili barani. Matokeo hayo yalithibitisha kwamba Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani.

Katika eneo letu, tafiti za mifupa ya kale zimefichua nasaba tatu kuu. Ya kwanza ni ya wawindaji na wakusanyaji matunda waliokuwako tangu zamani. Ya pili ni ya wafugaji walioanza kuingia kutoka kaskazini yapata miaka 5,000 iliyopita. Ya tatu ni ya wakulima wa Kibantu kutoka magharibi.

Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2019 kuhusu mifupa ya watu 41 wa kale kutoka Kenya na Tanzania ulionyesha kuwa wafugaji hao walichanganyika na wawindaji waliowakuta. Mtu mmoja aliyezikwa Deloraine, katika Bonde la Ufa, miaka ipatayo 1,200 iliyopita, alikuwa tayari na asili inayofanana na ya Wabantu.

Wawindaji nao hawakutoweka mara moja. Mtu aliyeishi katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, takriban miaka 400 iliyopita bado alikuwa na asili ya wawindaji wa kale. Kwa makadirio ya wanahistoria, hizo ndizo nyakati ambazo Wakamba walikuwa wakipanda Mbooni.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2023, uliohusisha jamii 147 kutoka nchi 14 za Afrika, ulihitimisha kuwa kuenea kwa Kibantu kulikuwa kuhama kwa watu, si maneno pekee, na kwamba wahamaji hao walichanganyika na wenyeji njiani. Mwaka huohuo, DNA ya watu 80 waliozikwa pwani na katika kijiji kimoja cha bara ilionyesha kuwa miji ya Waswahili ilijengwa na watu waliounganisha mama wa Kiafrika na, kwa sehemu kubwa, baba kutoka Uajemi, kuanzia yapata mwaka wa 1000.

Kutoka Kenya hadi Siberia

Msomaji ataelewa zaidi upekee wa Afrika Mashariki akiilinganisha na eneo la mbali kama Siberia, nchini Urusi. Binadamu walipotoka Afrika walisonga kwa makundi madogo, na kila kundi lilibeba sehemu tu ya tofauti za lile lililobaki nyuma. Ndiyo maana tofauti za kijenetiki ndani ya jamii hupungua kadiri mtu anavyokwenda mbali na Afrika.

Wenyeji wa Siberia kama Wayakut wana historia ndefu na yenye mchanganyiko wake. Mifupa ya mtoto wa Mal'ta, aliyeishi huko miaka 24,000 iliyopita, ilionyesha kuwa watu wake walichangia asili ya Wahindi Wekundu wa Amerika. Pamoja na hayo, tofauti za urithi ndani ya jamii hizo ni chache kuliko zile zilizo katika jamii za Afrika Mashariki.

Mkusanyiko wa sampuli za jamii za dunia uliotangazwa mwaka wa 2002 na kuhifadhiwa Paris una Wayakut 25, walioandikwa kwa jina la kabila lao. Ndani yake wamo pia Wakenya wapatao 12, ambao waliandikwa tu kuwa 'Wabantu'.

Miradi iliyofuata iliwataja Waluhya wa Webuye, Wakikuyu na Wakalenjin. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya washiriki wa tafiti za kuhusisha jeni na maradhi walikuwa na asili ya Ulaya, na asilimia 3 pekee ndio waliokuwa na asili ya Afrika.

Faida kwa mgonjwa

Pengo hilo lina gharama. Mfano ni Efavirenz, dawa ya kupunguza makali ya Ukimwi iliyotumika nchini kwa miaka mingi kabla ya Dolutegravir kuanza kuingia mwaka wa 2017. Aina moja ya jeni, iliyo ya kawaida zaidi miongoni mwa Waafrika kuliko Wazungu, huufanya mwili kuiondoa dawa hiyo polepole. Mwenye jeni hiyo hubaki na dawa nyingi mwilini, na huweza kusumbuliwa na kizunguzungu na jinamizi.

Mfano mwingine ulianzia hapahapa Kenya. Mnamo 1949, Anthony Allison alipima damu ya jamii mbalimbali nchini na kugundua kuwa chembe za selimundu zilikuwa nyingi karibu na pwani na Ziwa Victoria, na adimu katika nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alieleza sababu: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria, lakini anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua.

Fundisho lake ni kwamba jeni hiyo hufuata mbu na mazingira, wala haifuati mipaka ya makabila. Daktari anayekisia maradhi kwa kutazama jina la mgonjwa anaweza kukosea.

Mipaka ya DNA

DNA inaweza kueleza mababu walitoka wapi, lakini haiwezi kuamua nani ni Mkamba. Mila yenyewe ilikwisha kulitatua hilo. Katika desturi ya iweto, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kumwoa mwanamke mwingine, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake na wa mbai ya mumewe. Kipimo cha maabara kingesema watoto hao si wa damu ya ukoo, ilhali mila huwatambua kuwa warithi kamili.

Suala hili liliwahi kufika mahakamani kwa sura nyingine. Marekebisho ya sheria ya mwaka wa 2018 yaliipa serikali uwezo wa kukusanya DNA katika usajili wa watu, wakati wa mpango wa Huduma Namba. Mnamo Januari 30, 2020, Mahakama Kuu iliamua kuwa kipengele hicho kilikiuka Katiba. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo inaziweka taarifa za kijenetiki katika kundi la taarifa nyeti.

Kwa hivyo, mkazi wa Matinyani anayeombwa damu kwa ajili ya utafiti ana haki ya kuuliza itatumika kwa kazi gani, itahifadhiwa wapi, na matokeo yatarudishwa vipi kwa jamii. Damu yake ni sehemu ya kumbukumbu ya safari ya watu wengi, na ni yeye wa kuamua iwapo ataitoa isomwe.