Nani Aliua Chama cha Liberal?

Kuna kitabu cha George Dangerfield, The Strange Death of Liberal England, kilichotoka 1935, ambacho ukikianza hukiachi. Anasema Chama cha Liberal cha Uingereza kilikuwa mahututi hata kabla ya vita vya 1914: malodi walikigomea, wanawake walidai kura, wafanyakazi waligoma, na Ireland ilikaribia kuwaka moto. Kalamu yake tamu kweli. Lakini mimi hajanishawishi.

Tuangalie hesabu. Mwaka 1906 Liberal walizoa viti karibu 400. Oktoba 1924 walibaki na 40. Miaka 18 tu! Wengi wanalaumu ugomvi wa Asquith na Lloyd George, na kweli fahali wawili hawakai zizi moja. Desemba 1916, katikati ya vita, Lloyd George alimrithi Asquith uwaziri mkuu, na kwenye uchaguzi wa 1918 akaungana na Wahafidhina dhidi ya Waliberali waliobaki na mwenzake. Asquith mwenyewe akapoteza kiti.

Sawa. Lakini si walipatana 1923? Na Wahafidhina nao si walipasuka vibaya mwaka 1903 kwa sababu ya ushuru wa forodha, na bado wakarudi madarakani? Ugomvi peke yake hauui chama kama wapiga kura hawana pa kuhamia.

Dangerfield anaanza hadithi 1910. Mimi ningeianza 1888. Matawi ya Liberal yalishikwa na wenye viwanda na mawakili, ambao kura za wafanyakazi walizitaka, ila mfanyakazi agombee yeye? Hapana. Mwaka huo Keir Hardie, aliyekuwa mchimba makaa, alikataliwa kule Mid Lanark. Mwaka 1894 Ramsay MacDonald naye akakataliwa Southampton. Basi wakaenda kujenga chama kingine, ambacho leo tunakiita Labour. Sheria ya 1918 ilipoongeza wapiga kura kutoka karibu milioni 8 hadi milioni 21, wengi wao wafanyakazi na wanawake, pa kuhamia palikuwa tayari.

Januari 1924, kwa msaada wa kura za Liberal bungeni, MacDonald akawa waziri mkuu. Yule yule waliyemnyima jimbo moja, miaka 30 baadaye wakamkabidhi nchi nzima.