Kwa nini nchi hulipia kuteketeza silaha za hasimu wake wa zamani?

Ukitoka Nachingwea kwenda Mto Ruvuma unapita Masasi, na ukivuka mto uko Msumbiji. Vita vya upande ule havijawahi kuwa habari za mbali kwa wasikilizaji wetu wa Nachingwea na Ruangwa. Katika makala hii tunaeleza jambo lisilozungumzwa sana vita vinapokwisha: silaha zinazobaki zinateketezwa na nani, na gharama analipa nani? Mara nyingine mlipaji ni yule yule aliyekuwa adui.

Silaha zilifikaje Msumbiji?

Kuanzia miaka ya 1960 hadi 1975, kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO ilikuwa Nachingwea. Wazee wa hapa wanaikumbuka kwa jina la Farm 17, jina lililotokana na mashamba yaliyopewa namba wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza. Silaha zilitoka nchi rafiki kama China na Umoja wa Kisovieti, zikapita kwetu kwenda kupigana na Wareno. Mei 1975 Samora Machel aliondoka upande huu, akavuka Ruvuma na kusafiri hadi Maputo. Juni 25 mwaka huo Msumbiji ikawa huru.

Amani haikudumu. Serikali ya Rhodesia iliunda na kukisaidia kikundi cha waasi cha RENAMO. Baada ya Zimbabwe kupata uhuru mwaka 1980, utawala wa makaburu wa Afrika Kusini uliuchukua mzigo huo na kuwapa waasi silaha na mafunzo. Serikali ya FRELIMO nayo iligawa bunduki kwa wanamgambo vijijini. Vita hivyo vilimalizwa na mkataba uliotiwa saini Roma Oktoba 4, 1992. Inakadiriwa watu wapatao milioni 1 walikufa, wengi wao kwa njaa na magonjwa yaliyoletwa na vita.

Umoja wa Mataifa ulikusanya silaha nyingi kutoka pande zote mbili, lakini ni sehemu tu iliyoteketezwa. Nyingine zilibaki zimefukiwa porini, kwa kuwa hakuna upande uliokuwa na uhakika kwamba mwenzake hatarudi vitani.

Operesheni Rachel ilifanyaje kazi?

Mwaka 1994 Nelson Mandela alichaguliwa kuwa rais wa Afrika Kusini. Serikali yake ilikuta tatizo lililoachwa na utawala uliotangulia: bunduki za AK-47 kutoka Msumbiji zilikuwa zinavuka mpaka na kutumika katika mauaji ya kisiasa ya KwaZulu-Natal na katika uporaji wa magari ya kubeba fedha. Bunduki iliyopelekwa kumwangamiza jirani ilikuwa imerudi nyumbani.

Mwaka 1995 serikali hizo mbili zilikubaliana kushirikiana kupambana na uhalifu, na mwaka huo huo ikaanza Operesheni Rachel. Afrika Kusini ilitoa wataalamu wa milipuko, magari, mafuta na fedha. Msumbiji ilitoa polisi wake, ruhusa na uenyeji. Baadaye Umoja wa Ulaya na wafanyabiashara wa Afrika Kusini nao walichangia.

Kwanza watu walitangulia vijijini kukusanya taarifa. Waliojua silaha zilikofukiwa, wengi wao wapiganaji wa zamani, waliwaongoza polisi hadi kwenye maghala ya siri na kulipwa kwa taarifa hizo. Mtoa taarifa hakuulizwa alikuwa upande gani wakati wa vita. Kikosi cha pamoja kilifukua, kikahesabu, kisha kikalipua kila kitu hapo hapo.

Kulipua hapo hapo kulikuwa na sababu mbili. Risasi na mabomu yaliyokaa ardhini miaka mingi yanaweza kulipuka njiani yakibebwa kwenye gari. Na silaha iliyorudishwa ghalani inaweza kuibwa au kuuzwa, ikaanza safari upya. Operesheni hizo zilirudiwa mara nyingi kwa miaka zaidi ya 10, na makumi ya maelfu ya bunduki pamoja na mamilioni ya risasi yakateketezwa.

Sambamba na hilo, Baraza la Makanisa la Msumbiji, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mwaka 1995 mpango wa kubadilisha silaha kwa zana. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zilikatwa vipande, na wasanii wakazigeuza sanamu. Kiti kimoja kilichotengenezwa kwa vipande hivyo mwaka 2001 kiko leo katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London.

Je, mataifa makubwa nayo yalifanya hivyo?

Ndiyo, na kwa kiwango kikubwa zaidi. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, maelfu ya vichwa vya nyuklia vilikuwa Urusi, Ukraine, Belarus na Kazakhstan, mikononi mwa wanajeshi na wanasayansi ambao mishahara yao haikuwa na uhakika. Maseneta wa Marekani Sam Nunn na Richard Lugar, wa vyama viwili tofauti, walipitisha sheria ya kutoa dola milioni 400 za bajeti ya ulinzi kwa kazi hiyo. Wapo waliohoji kwa nini kodi ya Mmarekani iende kwa adui wa jana. Walijibiwa kwamba kukata kombora la mwenzako ni nafuu kuliko kujikinga nalo, au kulikuta limeuzwa kwa mtu mwingine.

Fedha hizo zilikata makombora, ndege na nyambizi, zikajenga maghala salama. Kufikia 1996 vichwa vya nyuklia vya nchi nyingine 3 vilikuwa vimehamishiwa Urusi. Viwanda navyo vilihusika: wanasayansi wa silaha walilipwa kufanya utafiti wa kiraia, na kwa mkataba tofauti wa mwaka 1993 Marekani ilinunua urani iliyotoka kwenye tani 500 za urani ya mabomu ya Urusi, ikaitumia kuzalisha umeme kwa miaka 20.

Kugeuza kiwanda cha silaha si jambo geni hata katika historia ya kwetu. Kwa ajili ya mradi wa karanga wa miaka ya 1940, kampuni ya Vickers ilibadili vifaru vya vita kuwa matrekta. Mradi wenyewe ulishindwa.

Msaada huu una mipaka gani?

Unategemea kuaminiana. Mwaka 2012 Urusi ilitangaza kwamba haitaongeza muda wa mkataba wake na Marekani. Ukraine ilikubali kuachia silaha za nyuklia kwa ahadi ya mwaka 1994 kwamba mipaka yake itaheshimiwa, na Urusi, iliyotia saini ahadi hiyo, ikaivamia. Wenye silaha wengine wameliona hilo.

Msaada pia hausaidii kama silaha halali hazitunzwi vizuri. Machi 2007 ghala la jeshi la Malhazine mjini Maputo lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Sisi nasi tuliona Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011.

Na kuteketeza silaha za vita vya jana hakuzuii vita vya leo. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imekuwa vitani tena, na Oktoba 2020 wapiganaji walivuka na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara.

Inatuhusuje sisi?

Somo la Rachel ni kwamba wataalamu na fedha havikutosha. Silaha zilipatikana kwa sababu mwanakijiji aliyejua zilipo alikubali kusema, akiamini hatafungwa kwa kusema. Hapa Tanzania serikali imewahi kutoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na polisi hutangaza muda huo unapofika. Tutaendelea kuwatangazia.

Kwa wanaokusanya chuma chakavu, na kwa wazazi wao: Novemba 2017 wilayani Ngara, mkoani Kagera, wanafunzi walifariki baada ya bomu la kurusha kwa mkono, lililodhaniwa ni chuma chakavu, kulipuka shuleni. Ukikuta chuma usichokielewa shambani au porini, usikiguse, usikigonge, usikipeleke kwenye mizani. Weka alama mbali kidogo, zuia watoto, kisha mwone mwenyekiti wa kijiji au nenda kituo cha polisi.