Aleji Si Kujikuna Tu: Koo Likianza Kuziba, Piriton Haitakuokoa

Hebu pata picha. Uko kwa mat Thika Road, jam imeshikana, umenunua njugu za mbao kupitia dirishani. Dakika kumi baadaye midomo inawasha, macho yanavimba, sauti inaanza kukwama. Msee mmekaa naye anakwambia utulie, ukifika mtaani umeze Piriton mbili ulale. Huyo msee ana roho safi, lakini ushauri wake unaweza kukumaliza.

Aleji, ile kitu Kiswahili cha shule kinaita mzio, ni kinga ya mwili kushuku mtu asiye na makosa. Inaona protini ya njugu ama ya samaki, inadhani ni adui, inaunda masoja wa kuitambua wanaoitwa IgE. Hapo mwanzo hausikii kitu. Masoja wanajibandika kwa seli zilizojaa kemikali kama histamini, wanangoja. Siku utarudia ile dishi, zile seli zinamwaga kila kitu. Ikimwagika kwa ngozi, unatoka vipele na kujikuna. Ikimwagika mwili mzima, mishipa ya damu inalegea, presha inashuka, njia ya hewa inajikaza. Hiyo ndiyo anafilaksia, na inaweza kuua kwa dakika chache. Jina lilitoka kwa Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, mwaka wa 1902. Walikuwa wanajaribu kuzoesha mbwa sumu ya kiumbe wa baharini. Sindano ya pili ilikuwa kidogo tu na bado ikaua. Richet alipewa tuzo ya Nobel 1913 kwa hiyo kazi.

Kwa upande wa dishi, washukiwa wakuu wanajulikana: maziwa, mayai, njugu, korosho, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na simsim. Noma ni venye vitu hivi hujificha. Unga wa uji wa kuchanganya mara nyingi una njugu, soya na hata omena ndani. Kibandani, samaki na chipo zinaweza kuingia mafuta yale yale. Kama wewe ni wa samaki, kuagiza chipo kavu hakukusaidii hapo. Uliza kwanza, hata kama mbogi itakucheka.

Lakini si kila tumbo likinguruma ni aleji. Ukinywa maziwa ukaharisha, mara nyingi shida ni sukari ya maziwa, laktosi, ambayo watu wazima wengi huku kwetu hawawezi kuisaga. Inakusumbua lakini haifungi koo. Na samaki kama jodari akikaa nje ya friji anajaza histamini yake mwenyewe. Ukimla unageuka mwekundu na kuwashwa kama mtu wa aleji, kumbe ni samaki ameharibika. Dalili moja: mkiwa wanne mezani na nyote mnajikuna, shuku samaki.

Dawa nazo zina yake. Ukoo wa penisilini, kina Amoxil na Augmentin, ndio husumbua sana, halafu Septrin, Brufen, Diclofenac na aspirini. Hapa kuna kitu wasee wengi hawana rada nayo: kuna rieksheni ya dawa inayokuja polepole, siku kadhaa ama hata wiki baada ya kuanza kumeza. Homa, macho mekundu, vidonda mdomoni, kisha ngozi inaanza kutoka malengelenge na kubambuka. Inaitwa Stevens-Johnson, na Septrin na dawa kadhaa za kifafa zinajulikana kuileta. Hiyo haingoji Jumatatu. Wacha dawa, enda hospitali leo na ubebe pakiti.

Pakiti ndiyo shida yenyewe. Kwa kemisti unapewa vidonge kwa kabahasha kadogo kameandikwa 1 x 3 peke yake. Ukivimba, daktari anauliza ulimeza nini, unasema "zile nyeupe". Dai jina la dawa liandikwe. Ni haki yako, doo umelipa.

Upande wa pili, kuna wale wameambiwa tangu utotoni wana aleji ya penisilini. Wakipimwa vizuri, karibu 9 kati ya 10 hupatikana hawana. Labda walikuwa na virusi vilivyoleta vipele, ama Augmentin iliwaharisha tu, na hiyo si aleji. Hasara ni kwamba unaishia kupewa dawa ghali zaidi miaka yote. Lakini usijipime mwenyewe kwa keja, tafadhali.

Kujua ukweli kunaanza na stori yako: ulikula nini, baada ya dakika ngapi, ulikuwa umekunywa pombe ama unatoka kucheza boli, kwa sababu hizo mbili huongeza makali. Piga picha za vipele kabla havijaisha. Daktari anaweza kukuchoma ngozi kidogo na tone la kitu mnachoshuku na kusoma baada ya robo saa. Piriton na wenzake zinaharibu kipimo hiki, kwa hivyo utaambiwa uziache kama wiki moja kabla. Kuna kipimo cha damu cha IgE pia. Vyote viwili vinaweza kuonyesha "ndio" hata kwa mtu anayekula hicho kitu bila shida, ndiyo maana stori inakuja kwanza. Ikibaki utata, unalishwa mos mos hospitalini chini ya macho ya daktari. Vile vifurushi vya mtandaoni vya kupima IgG ya vyakula kibao? Weka chapaa yako mfukoni. IgG inaonyesha tu kwamba umekula.

Sasa turudi kwa mat. Vipele peke yake, Piriton ni sawa. Lakini vikija pamoja na kupumua kwa shida, sauti kukwaruza, kutapika mfululizo ama kizunguzungu, hiyo ni dharura. Dawa ni moja: sindano ya adrenalini kwa msuli wa paja. Mtu mzima anapewa nusu miligramu, na inaweza kurudiwa baada ya dakika tano. Piriton na haidrokotisoni zinakuja nyuma yake. Haziwezi kuchukua nafasi yake. Mwenye pumu yuko kwa hatari zaidi.

Mlaze chali na miguu juu. Akishindwa kupumua, mkalishe. Usimsimamishe ghafla, usimlazimishe maziwa wala maji. Boda si poa hapa, juu akizima anaanguka. Piga 999, 112 ama 1199 ya Red Cross, ama chukua teksi mpaka hospitali ya karibu. Wakikuitisha deposit mlangoni, taja Katiba, Kifungu 43(2): hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura.

Ukipata nafuu usitoroke. Rieksheni inaweza kurudi masaa baadaye bila kugusa njugu tena, kwa hivyo watakuangalia kwa masaa kadhaa. Kabla hujatoka, uliza jina la kilichokudhuru na uandikiwe. Kama ni dawa, waambie wairipoti kwa Pharmacy and Poisons Board. Sindano za adrenalini za kujidunga zina bei na si kila kemisti inazo, lakini muulize daktari kama unazihitaji na mtazipata wapi.

Halafu shika simu yako. Kwa sehemu ya dharura inayofunguka bila password, andika aleji yako na namba ya mtu wa nyumbani. Mwambie pia beshte mnayekula naye kila lunch, kwa sababu koo likiziba, yeye ndiye ataongea.